Hema Linapovuja, Tutafute Kwanza Njia ya Maji

Mvua ya mwezi wa nane imekaribia. Hapa Boga hatuhitaji kalenda kutuambia. Mchana mawingu yanapanda kutoka bonde la Semliki, upepo unageuka, na jioni ngurumo zinasikika kwa mbali. Kwa mwenye nyumba ya mabati, au ya manyasi iliyoezekwa vizuri, hiyo ni habari ya shamba na mbegu. Kwa jamaa inayoishi chini ya hema au chini ya shitingi, ni habari ya usingizi wa watoto, na mvua hii haitulii vizuri mpaka mwezi wa kumi na moja.

Jamaa hizo si chache. Usiku wa kuamkia tarehe 31 mwezi wa tano 2021, watu zaidi ya 50 waliuawa hapa Boga na kwa jirani zetu wa Tchabi. Tangu hapo wengi wetu tumejifunza kuishi chini ya plastiki. Wengine walikwenda mbali, wengine wako hapa hapa kwenye uwanja wa ndugu, kwa sababu walirudi wakakuta nyumba imebaki kuta nyeusi tu. Wala si sisi wa kwanza katika Ituri. Mwaka 2003 maelfu ya watu walilala karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, na mpaka leo ukitaja Kigonze mbele ya mtu wa Bunia, anafikiri kwanza juu ya kambi. Wamama wa sehemu hizo zote wanajua maneno tunayoandika hapa, na mengine tumeyajifunza kutoka kwao.

Sisi tunaofundisha tunaona mvua ya usiku asubuhi, darasani. Mtoto anafika na daftari lililovimba, wino umekimbia, kurasa zimeshikana. Mwingine analala juu ya dawati katika somo la kwanza. Ukimwuliza, anakujibu bila kulalamika: «Mwalimu, usiku tulikaa kitako mpaka mvua iishe.» Na mama yake alikaa vilevile, au alisimama ameshika mti wa katikati ili upepo usiubebe, mtoto mchanga mgongoni. Asubuhi hiyo hiyo mama huyo anatazamiwa kwenda shambani.

Katika mikutano yetu neno linalorudi ni hili: hema limetoboka, watupatie lingine. Kuomba si vibaya, na anayestahili kupewa apewe. Lakini tumepita kwenye makao mengi pamoja na wenyewe, tukiyaangalia moja moja, na tunaweza kusema kwamba mara nyingi tundu la juu linasingiziwa. Maji huingia kutoka chini, huingia kutoka pembeni, huingia kutoka juu, na yapo mengine yanayozaliwa ndani ya hema lenyewe. Dawa ya hili haiponyi lile. Mama anayebandika kiraka juu wakati maji yanapita chini ya kitanda, amepoteza kiraka na usiku wake haukubadilika.

Tuanze na maji ya chini, maana ndiyo yanayoharibu kuliko yote. Tone linaloanguka kutoka juu utaliwekea sahani. Lakini maji yanayokuja juu ya udongo yanaingia na matope, yanafikia unga, yanafikia godoro, na kama choo cha jirani kimejaa, yanabeba na uchafu wake mpaka mahali mtoto anapotambaa. Kwetu ni mlima na mteremko kila upande. Maji ya mvua kubwa yanatafuta bonde, na kama hema lako limekaa katika njia yake, yatapita kwako.

Mfereji ndio dawa. Uchimbwe kwanza upande wa juu, ule unaotazama mlima, kisha uzunguke pande mbili na kuungana kule chini maji yanakotokea. Upana wa jembe unatosha. Kina kiwe shubiri moja au zaidi kidogo. Udongo unaotoka usiutupe upande wa nje. Uvute upande wa hema, uupige kwa mguu, uwe ukingo. Wengi wanafanya kinyume, na ule udongo wa nje unarudi ndani ya mfereji katika mvua ya kwanza, mfereji unajaa, na watu wanasema mfereji hausaidii.

Sasa angalia pindo la shitingi, pale linapogusa ardhi. Kama umelikunja kuingia ndani, umetengeneza bomba: maji yote yanayoteremka ukutani yanafuata pindo na kuingia kwako. Pindo litoke nje, lishuke ndani ya mfereji, lifunikwe kwa udongo kidogo. Na ile plastiki ya kutandika chini ndani ya hema iwe kinyume chake. Isitokeze nje hata kidogo. Izungushwe kingo zake juu kama beseni, kipande cha mkono kutoka ardhini, na ikae ndani ya ukuta. Tumekuta kao moja ambapo plastiki ya chini ilitokeza nje kama ulimi, na ulimi huo ulikuwa unakusanya mvua na kuipeleka moja kwa moja chini ya mkeka. Mama mwenye kao alikuwa ameomba shitingi mpya mara mbili. Alichohitaji ni kisu, na dakika tano.

Mwenye nguvu au mwenye watoto wakubwa ainue pia sakafu yenyewe. Leteni udongo mwekundu, mumwagie maji kidogo, mpige kwa mti mpaka ukauke ukiwa juu kuliko uwanja. Kitanda cha miti, hata kibaya, ni bora kuliko mkeka. Unga na chumvi vining'inizwe.

Hapa kwenye mifereji ndipo ugomvi unapozaliwa, na tunapenda kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu hatujasikia shitingi iliyogombanisha wamama kama mfereji. Mama wa juu anachimba mfereji wake mzuri, maji yanatoka kwake, yanaingia kwa mama wa chini. Mama wa chini anaamka usiku, anauziba kwa udongo. Asubuhi ni matusi, na kesho yake watoto wao hawachezi pamoja. Kisha maneno yanapanda: wewe ni wa wapi, mimi ni wa wapi, ulikuja lini hapa. Katika nchi yetu tunajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Na chanzo chake ni ndoo mbili za maji!

Mfereji hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Ukichimba wako peke yako, umehamisha shida tu. Mahali ambapo tumeona jambo hili limetulia, wamama walitembea kwanza pamoja kutoka juu mpaka chini wakati wa jua, wakifuata alama za maji ya mvua iliyopita: mchanga uliosafishwa, majani yaliyolala upande mmoja. Walipoijua njia ya maji, walichimba mfereji mkubwa mmoja katikati, kutoka kao la juu mpaka bondeni, na kila mtu akaunganisha mdogo wake nao. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu kumi na wawili. Kwa mtu mmoja ni kazi ya juma zima, na mjane mwenye watoto wadogo hataimaliza kamwe. Wazee wetu wanakumbuka salongo ya zamani, ile ya kulazimishwa, na neno hilo linawachosha. Lakini hii hailazimishwi na mtu. Na mfereji mkubwa ukishakuwapo, uwe na siku yake ya kuzoa takataka, maana majani na plastiki vikiuziba, maji yanasimama, mbu wanazaa, na ndiyo malaria ileile tunayoikimbia.

Tupande sasa juu.

Shitingi nyingi tunazopata kutoka kwa mashirika zina meta 4 kwa 5, au meta 4 kwa 6. Ni nyuzi za plastiki zilizofumwa, zikapakwa plastiki nyembamba pande zote mbili. Mtu akipokea moja na ana watoto watano, jambo la kwanza analofikiri ni nafasi. Mashirika yenyewe yana kipimo katika kitabu chao kinachoitwa Sphere: kila mtu apate angalau meta za mraba 3.5 chini ya paa. Tufanye hesabu kama darasani. Chukua shitingi ya 4 kwa 6, uikunje juu ya mti wa mgongo, kila upande ubaki na meta 2 za mteremko. Ukiipa mteremko mkali, kila upande unafunika karibu meta 1.4 ya ardhi. Basi una upana wa meta 2.8 na urefu wa meta 6, ndiyo karibu meta za mraba 17. Hiyo haitoshi hata watu watano kamili, na wewe una jamaa ya watu saba.

Kwa hiyo mama anafanya nini? Anaishusha miti, anailaza shitingi ili ifunike zaidi. Hatumlaumu, nani angekubali mtoto alale nje ya paa? Lakini paa lililolala linashika maji. Maji yanafanya tumbo katikati, tumbo linazidi kuwa zito, plastiki inavutika, na pale inaposuguana na mti inakatika. Halafu mtu anasukuma tumbo lile kwa ncha ya fimbo kutoka ndani ili maji yamwagike, na ncha inatoboa. Tundu hilo halikuletwa na mvua. Lililetwa na ulalo wa paa. Ni afadhali paa jembamba lenye mteremko mkali, na nafasi iliyopungua iongezwe kwa ukuta wa miti na udongo, au kwa kibanda kidogo cha manyasi pembeni kwa ajili ya vyombo na moto. Na kama tumbo limekwisha kutokea, lisukume kwa kiganja au kwa chini ya sufuria, usitumie fimbo.

Mti wa mgongo uvikwe nguo. Tunasema hivyo kwa uzito. Kitambaa kilichochakaa, gunia, hata manyasi yaliyosukwa, kizungushwe mahali pote ambapo shitingi inalala juu ya mti, na kila kifundo cha mti kichongwe kwanza kwa panga. Upepo wa kwetu hauachi kutikisa, na kila mtikiso ni kama msumeno mdogo. Miti ya mikaratusi ni mizuri kwa kusimamisha, lakini mchwa wanaipenda. Choma kidogo sehemu itakayoingia ardhini mpaka iwe nyeusi, itadumu zaidi.

Kisha misumari. Msumari unaopigwa moja kwa moja juu ya plastiki ni mlango wa maji, na upepo ukivuta, mlango unakuwa dirisha. Wavulana wanajua dawa yake: vifuniko vya chupa za soda. Kila msumari upite katika kifuniko, na chini ya kifuniko weka kipande cha mpira kutoka kandambili iliyochakaa au tairi ya ndani ya baiskeli. Watume watoto waviokote kandokando ya maduka. Kwa salongo moja utahitaji mfuko mzima.

Lakini bora kuliko msumari ni jiwe. Pengine wengine mnaijua njia hii, wengine walishangaa tulipoionyesha. Unachukua kijiwe laini kama yai dogo, unakiweka chini ya shitingi pale unapotaka kufunga kamba, unakusanya plastiki kukizunguka kama unavyofunga ncha ya kitenge kuficha pesa, kisha unafunga kamba shingoni mwake. Kamba inashika kwa nguvu sana, wala hukutoboa kitu. Ndivyo unavyoweza kufunga shitingi ambayo pete zake za pembeni zimekwisha kukatika.

Kwa kamba zenyewe, jueni tabia zao. Kamba ya mkonge na kamba ya pamba zikilowa zinajikaza, na zinaweza kung'oa kigingi. Zilegezwe kidogo mvua inapokaribia. Kamba ya nailoni ikilowa inalegea. Hiyo ikazwe tena.

Sasa matundu ya kweli. Yatafuteni mchana, jua likiwa kichwani. Ingieni ndani, fungeni mlango, tulieni kidogo mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Mtoto mwenye macho mazuri aelekeze kidole, na mtu mkubwa azungushe alama kwa kipande cha kala. Usiku wa mvua msifuate tone pale linapoangukia, kwa maana tone ni mwongo: linaingia huku juu, linateremka juu ya mti, linaanguka meta mbili mbele.

Kabla ya kubandika, pima kama shitingi bado ina uhai. Jua ndilo adui wake kuliko mvua. Kunja pembe ya shitingi, ifikiche kati ya vidole. Kama inatoa unga au inavunjika kama jani kavu, kiraka hakitasaidia, kwa maana pembeni mwa kiraka patapasuka kesho. Hapo ni afadhali kufanya kama tunavyofanya na shuka la kitanda lililochakaa katikati: upande uliokuwa ukuta, ambao haukupigwa sana na jua, upande juu, na ule wa juu ushuke ukutani. Na shitingi nzima, ipewe kofia. Manyasi yakiezekwa juu ya plastiki, hata kwa wembamba, jua haliifikii, joto la mchana linapungua, na kelele ya mvua haiwaamshi watoto. Plastiki chini, manyasi juu: tumeona hiyo ikishinda kila kitu kingine.

Kiraka cha shitingi kikatwe kutoka shitingi nyingine, kiwe kikubwa kuliko tundu kwa upana wa vidole vinne kila upande, na pembe zake zikatwe mviringo ili zisibanduke. Gundi ya kuziba tairi za baiskeli haishiki plastiki hii, hata fundi akikuapia. Mnapoteza franka zenu. Skochi ile pana ya kufungia makartoni inashika kwa muda, kama mahali pameoshwa, pamekauka kabisa, na umeweka ndani na nje. Ikiwa ni mpasuko mrefu, shoneni kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni, viraka viwili, kimoja ndani kimoja nje, kisha sugueni mshumaa juu ya mshono mpaka vitundu vya sindano vijae nta. Wengine wanayeyusha plastiki kwa moto juu ya tundu. Tumeona vidole vilivyoungua, na tunajua shitingi inavyoshika moto. Tafadhali, hapana.

Hema lenyewe, lile la kitambaa kizito, ni jambo jingine, na halitendewi kama shitingi. Nyuzi zake zikilowa zinavimba na kufunga nafasi zilizo kati yake. Ndiyo maana hema jipya linaweza kutoa umande katika mvua ya kwanza halafu likaacha. Lakini ukiligusa kutoka ndani wakati limelowa, pale ulipogusa panaanza kupitisha maji. Godoro, masanduku, mgongo wa mtoto anayelala, vyote vikae mbali na ukuta. Wazo la kulifua kwa sabuni ili lipendeze, liacheni, sabuni inaondoa ile dawa inayozuia maji. Maji matupu na kitambaa vinatosha. Mishono isuguliwe mshumaa. Kuna wanaosema nta iyeyushwe katika mafuta ya petroli na kupakwa juu ya hema lote. Katika mahali ambapo kila jioni kuna moto wa kupikia, sisi hatutamfundisha mtu jambo hilo.

Bado maji yanayozaliwa ndani. Mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka upande wa Tchabi alituambia kwamba shitingi yake inavuja hata siku isiyo na mvua. Wengine walicheka. Hakuwa anasema uongo. Watu saba wakilala chini ya plastiki iliyofungwa pande zote, pumzi zao, nguo mbichi na mvuke wa sufuria vinapanda, vinakutana na plastiki iliyopozwa na usiku, vinageuka kuwa maji na kudondoka. Pitisha mkono asubuhi baada ya usiku mkavu: kama upande wote wa ndani una umande, hakuna tundu la kutafuta. Acheni nafasi ya kiganja juu, chini ya mgongo wa paa, upande usiopigwa na upepo wa mvua. Pikeni nje, chini ya kibanda. Nguo mbichi zisilale ndani.

Na hapa tunaomba kila mama amsomee asiyejua kusoma. Mvua ikiwa kali na baridi imeingia, kuna anayefunga kila mlango na kuingiza mbabula ya makala ndani ili watoto wapate joto. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, isiyo na moshi. Katika hema lililofungwa vizuri, hewa hiyo inaweza kuua jamaa nzima katika usingizi, na hawataamka kukohoa. Hema lisilovuja kabisa ndilo la hatari zaidi kwa jambo hili. Washeni nje, chemsheni maji, wapeni watoto uji au chai, wavalisheni kikavu, walale karibu karibu. Mbabula ibaki nje.

Usiku wenyewe ukifika, kuna mambo machache ya kufanya, na ni heri yawe yamepangwa mchana. Kwetu si kila mtu anaweza kutoka usiku na jembe. Tangu mwaka 2021 usiku wa Boga una hofu yake. Kilio cha mwanamke usiku kinaamsha kartie nzima, na watu wanaweza kukimbilia porini wakidhani ni jambo lingine, kumbe ni paa limebebwa na upepo. Kwa sababu hiyo wamama wa jirani wapatane mapema: nani anaamsha nani, kwa kugonga wapi, na watoto wa nani wanakwenda kwa nani. Mwenye nyumba ya kudumu karibu na shitingi aseme mwenyewe, kabla hajaombwa, kwamba mlango wake utafunguliwa. Kuomba mlango usiku na watoto watano ni aibu inayowafanya wamama wengi wabaki katika maji.

Ndani, wa kwanza kuhamishwa ni mtoto mchanga na mgonjwa, mahali pa juu na pakavu. Kisha unga, kiberiti na nguo moja moja kavu za kila mtu, ambazo zinafaa kukaa siku zote katika mfuko wa plastiki uliofungwa. Tone linaloanguka juu ya kitanda, lifungieni uzi: ncha moja pale linapotokea, ncha nyingine ndani ya ndoo, na maji yatafuata uzi kimya kimya mpaka chini. Watoto wanafurahia kuliangalia na wanasahau baridi. Mtoto akiamka na homa, au anapumua upesi upesi huku mbavu zikiingia ndani, asingojee jua likaushe godoro. Apelekwe kwa muuguzi.

Kuhusu karatasi, hapa walimu ndani yetu wanasema. Kadi ya uchaguzi, kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa, buletini za shule: mtoto aliyepoteza buletini yake katika matope anaweza kukosa nafasi katika shule nyingine, na mama anaanza safari za ofisi kwa ofisi. Chukueni bidoni la lita 5 lililokatwa mdomo, wekeni karatasi katika mifuko miwili, fungeni kwa mpira wa tairi, mning'inize. Hata madaftari yalale humo. Ukikimbia, unakimbia nalo.

Kuna wanaosema mbona wengine waliuza shitingi zao. Ni kweli waliuza. Mwenye njaa anauza anachoweza kuuza, na kabla ya kumhukumu tumwulize alikula nini juma lile. Lakini tunawaomba wamama wenye maduka madogo: msiwe wa kwanza kuinunua kwa bei ya sahani mbili za unga mwanzoni mwa mvua.

Jumamosi hii tutaanza na makao yaliyo chini ya barabara, kwa sababu ndiyo yanayopokea maji ya wote, na tutatangulia kwa wajane na kwa mama mwenye mapacha. Mwenye jembe alete jembe, mwenye panga alete panga. Vijana wameahidi kukata miti siku ya Ijumaa. Tunahitaji vijiwe laini vya mtoni, vifuniko vya chupa, kandambili zilizokatika, vitambaa vya kuvisha miti, mishumaa hata iliyobaki nusu, na uzi wa nailoni. Asiyeweza kuchimba, kwa mimba au kwa uzee, atashona viraka kivulini pamoja nasi. Tutaanza asubuhi mapema, kabla ya jua kuwa kali, na mvua ikitukuta kazini itakuwa vizuri pia: tutaona maji yanapita wapi.